Kisa cha Othmani Hakikatwi

Mkono wa kushoto wa Mama Zaituni niliuosha mwenyewe. Tulikuwa wanawake watatu chumbani, na ndoo mbili za maji, na sanda imekwisha kukatwa. Wale wawili waliokuwa wakinisaidia ni wasichana wa juzi tu, hawakuwahi kumwona marehemu akiwa na nguvu zake. Mmoja aliunyanyua ule mkono akakuta vidole vitatu. Akaugeuza, akautazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Hadija, hii mukono, ilikuwa mashini?" Nikamwambia, "Si mashini. Ni kisu." Akauliza, "Kisu ya nani?" Nikamwambia amimine maji, maana maiti haoshwi kwa maswali. Nilimjibu kwa ukali na baadaye nikaona aibu, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki na jibu ninalo. Nimelibeba toka nilipokuwa na miaka kumi na tisa mpaka leo nina wajukuu, na katika miaka yote hiyo Mama Zaituni hakunitaka nilitoe. Sasa ameondoka, nami sioni tena ninamfichia nani.

Nilitoka wapi na wazazi wangu walikuwa akina nani si habari ya hapa. Mwaka ule nililetwa mtaa wa Naviundu nikae kwa Imamu Ramazani na mkewe Zaituni ili nisome, na nyumba yao ndiyo iliyonisomesha kuliko kitabu chochote. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, imegusana ukuta na msikiti. Chumba changu kilipakana na chumba cha kulia, na ule ukuta wa katikati haukufika juu kwenye mabati, fundi aliuachia palepale tofali zilipomwishia. Kwa hiyo kila kilichosemwa mezani kilinifikia kitandani pamoja na harufu ya mboga ya lengalenga na moshi wa mbabula, jiko letu la makaa. Nilijua imamu akikohoa ni ugonjwa au ni hasira. Mama Zaituni alilijua hilo, na siku ya kwanza kabisa aliniambia, "Maneno ya hii nyumba inaisha mu hii nyumba. Umesikia, mutoto yangu?" Nikasema nimesikia.

Juu ya kabati la vyombo kulikuwa na kisu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Kilikuwa kisu cha kuchinjia, mali ya msikiti, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko. Desturi yetu ilikuwa kwamba kisu analala nacho imamu, na asubuhi mchinjaji anakuja kukichukua kwa mikono miwili, anakwenda nacho sokoni, anakirudisha kimeoshwa. Mchinjaji alikuwa Muzee Feruzi. Wauza nyama wote walimngoja yeye, hata wale Wakristo wa misheni, kwa sababu nyama ambayo Muzee Feruzi hakuichinja nusu ya mtaa haikuinunua. Alipopita njiani na kile kisu kwenye kitambaa watu walimwamkia kama chifu. Basi mwezi mmoja kabla ya Ramadhani imamu alimwambia asije tena, akampa kisu Musa, mtoto wa dada yake. Hakueleza kwa nini. Mwadhini alikuwa tayari mkwewe, na mwalimu wa watoto alikuwa ndugu yake, kwa hiyo mtaa ukafanya hesabu yake wenyewe.

Mimi sababu niliijua usiku uleule, nikiwa nimelala chali natazama mabati. Mama Zaituni alisema, "Ubaambie bantu, Ramazani. Banakutukana." Imamu akajibu, "Nitabaambia nini? Kama Muzee Feruzi haone tena? Ile kondoo ya juzi alikata mara tatu, kondoo ilikuwa analia. Alikuwa anapapasa shingo na vidole. Kesho atajikata mwenyewe ao atakata mutu." Kisha akasema, "Alinilomba na machozi. Alisema, imamu, useme paka tu kama umenichoka, usiseme kama niko kipofu. Mutoto yangu asijue." Mama Zaituni akasema, "Basi bakutukane." Nikasikia sahani zikikusanywa.

Mtoto aliyesemwa pale alikuwa Sadiki, na hapa ndipo ninapoanza kujichukia. Sadiki alikuwa fundi wa magari makubwa ya mgodi kule Ruashi, mikono imejaa mafuta ambayo sabuni haiyatoi, na yeye ndiye aliyetengeneza kipaza sauti cha msikiti kila kilipokufa. Nilimpenda. Sikuwahi kumwambia, ila kila mtu mwenye macho alijua, labda ndiyo maana alipokuwa akilalamika alilalamikia masikioni mwangu. "Baba yangu alichinjia hii muji miaka yote," aliniambia kwenye bomba, mimi na ndoo yangu. "Sasa anakaa paka tu mu kiti, anatazama ukuta. Imamu alimuua, Hadija. Alimuua bila kisu." Ningeweza kumwambia palepale, watu wawili tu, kwa upole. Baba yako haoni, Sadiki, na huyu unayemtukana ndiye anayemsitiri. Sikusema. Nilijiambia kwamba nimeapishwa juu ya maneno ya nyumba, lakini ukweli ni kwamba nilipenda anavyoniegemea akiwa na hasira, na niliogopa nikimwambia ataondoka.

Msikiti wetu ulikuwa na mazoea yake ya Ramadhani ambayo sijayaona pengine. Baada ya alasiri mpaka magharibi, mwanamke aliketi nyuma ya pazia akasimulia visa vya makhalifa wanne, radhi za Mungu ziwe juu yao. Kwa kuwa wanawake wenyewe saa hizo wako nyumbani wanasonga bukari, ndio ugali wetu, na kupika uji wa kufturu, sauti ilipandishwa kwenye kipaza sauti juu ya paa, mtaa mzima ukasikia kutoka kwenye majiko yake. Wanaume walisikia bure. Msimulizi alikuwa Mama Zaituni, na mwaka ule alinifundisha nimpokee. Abu Bakari nilimsimulia upesi, maana alikufa kitandani kwa homa, na mimi kufa kitandani nilikuona hakuna utamu. Kwa Omari nilijimwaga. Nilieleza sala ya alfajiri, safu zimenyooka, yule mtumwa aliyejificha na jambia lake la makali mawili, alivyomchoma khalifa akiwa ameshaanza sala, na alivyokata wengine kulia na kushoto akikimbia kabla ya kujichoma mwenyewe. Kesho yake watoto wa Naviundu walikuwa wanachomana vijiti barabarani. Nilicheka kwa fahari. Wake za watu waliniambia nimeunguza bukari zao kwa utamu, nami nikavimba kichwa.

Lakini kisa cha Othmani kilikuwa na sharti lake. Vingine vyote unaweza kuvikata, ukasema yaliyobaki kesho. Cha Othmani kinaanzwa na kumalizwa kikao kimoja, na akiona jua limekwenda, msimulizi haanzi. Mama Zaituni alinieleza sababu huku akichambua mchele. Kisa kile kinaanza na malalamiko, na malalamiko yenyewe ni matamu, kwamba khalifa amewapa vyeo ndugu zake, kwamba mzee amechoka na wengine wanatawala nyuma yake. Kila anayesikia hukumbuka wa kwake. "Ukikatia pale," alisema, "bantu banalala na hasira, na damu hawajaiona. Banapashwa kuiona damu siku ileile." Niliitikia kama mtu anavyoitikia akiambiwa afunike sufuria.

Siku ya Othmani ilipofika Mama Zaituni alikuwa na malaria, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Akaniambia nikiache kisa mpaka apone. Nikamwambia nitaweza. Sadiki alikuja kufunga waya, akanipitishia kipaza sauti chini ya pazia, na kabla ya kukiachia akasema polepole, "Leo useme vizuri vile alipatia bandugu yake kazi. Bantu basikie." Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye kucha. Nilikipokea kipaza sauti, nami nilisema. Mungu anisamehe, nilisema! Nilitaja kila lalamiko mara mbili. Niliwapa waasi sauti nzuri, sauti ya watu walioonewa, waliokuja kutoka mbali na vumbi miguuni kudai haki. Nikafika wanapoizunguka nyumba ya khalifa na kumzuilia maji, yeye ambaye kwa mali yake aliwanunulia Waislamu kisima. Upande wa pili wa pazia wanaume walikuwa kimya kabisa, nikasikia mtu anapumua kwa nguvu. Mwanga ukawa umeingia wekundu. Nilikuwa bado na muda wa kusema mwisho kwa haraka haraka, dakika chache zilitosha. Lakini nilipenda ule ukimya. Nikawaambia, "Wakauzingira mlango. Na yaliyofuata mtayasikia kesho." Mwadhini akaanza.

Tulifturu tende na uji wa karanga, na makayabu, samaki wa chumvi, waliobaki jana. Imamu alikula akitazama sahani. Mama Zaituni alijikongoja kutoka kitandani, akaketi, akanywa maji, akaniuliza, "Uliimaliza?" Nikasema bado, Mama, jua lilizama. Akaweka kikombe. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Kesho asubui na mapema," alisema, "hata kama bantu banalala, utapanda na utaimaliza." Imamu akasema, "Ni hadisi tu, Zaituni." Akajibu, "Haisikilizwe na kuta, Ramazani. Inasikilizwa na bantu."

Asubuhi waya wa kipaza sauti ulikuwa umekatwa. Tulipofungua dirisha tukawaona, vijana wa msikiti wetu wenyewe, niliowafahamu kwa majina mpaka kwa mama zao, wamejaa mbele ya lango na fimbo na mapanga na vipande vya nondo. Bomba la nje walikuwa wamelifunga na kulivunja mpini. Sadiki alikuwa mbele. Walitaka imamu atoke, aache msikiti, arudishe kisu. Musa, aliyelala kwetu usiku ule, alitoka nyuma akajaribu kupita kwenye ua wa jirani kutafuta polisi. Walimdaka. Nilimwona kwa tundu la mlango akipigwa nondo magotini, kisha mgongoni, kisha mtu akamkanyaga usoni, na nilisikia meno. Alirudi akitambaa, tukamvuta ndani kwa mikono, akaacha mstari wa damu kwenye saruji. Mchana kutwa mawe yalinyesha juu ya mabati. Mwadhini na wanaume wengine wanne walijipenyeza kwa mlango wa msikiti kabla nao haujazibwa, na mapanga yao, wakamwambia imamu atoe neno tu. Akawakatalia. Alisema kati ya watu waliosali nyuma yake hapana damu itakayomwagika kwa ajili yake, waende nyumbani. Magharibi ilipoingia tulifungua saumu kwa maji ya kikombe kimoja, watu wanne, na mengine tukamwosha Musa mdomo.

Siku ya pili, karibu na adhuhuri, kiu ilikuwa imenipanda kichwani. Nilijua wale watu wanasimama mahali nilipowaacha mimi, kwenye mlango wa Othmani, wakiwa bado na haki. Nikapanda kwenye kiti, nikafungua dirisha, nikaanza kupiga kelele yaliyobaki. Kwamba waliruka ukuta. Kwamba walimkuta mzee ana kitabu mapajani wakamkata hapohapo, damu ikamwagikia maandishi, na mkewe aliyejirusha mbele yake wakamkata vidole. Kwamba toka siku ile Waislamu walichinjana wenyewe kwa wenyewe, na Ali aliyefuata naye akapigwa upanga kichwani, na waliofanya hivyo hawakuona raha. Bila kipaza sauti ilikuwa sauti ya msichana mmoja. Walicheka. Mmoja akasema, "Leo ameshageuka, juzi alikuwa upande ya shiye!" Jiwe likapasua kioo pembeni ya sikio langu. Nikamwona Sadiki ananitazama bila kucheka, nikadhani nimempata. Ndipo nikasema lile neno. Nilipiga kelele mbele ya mtaa mzima, "Sadiki, baba yako ni kipofu! Haone! Alilomba imamu amufichie!"

Muzee Feruzi mwenyewe alikuwa ameletwa, ameketi kwenye kiti kivulini ng'ambo ya barabara, ili aone haki yake inavyodaiwa. Vichwa vyote vikamgeukia. Alinyanyua mikono akafunika uso, na kila mtu akajua kwamba ni kweli. Ningemwambia Sadiki lile neno kwenye bomba, mwezi mmoja kabla, lingemliza. Pale lilimvua nguo yeye na baba yake. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu, akaruka lango, na wengine wakamfuata.

Mlango ulitoka na bawaba zake. Musa, asiyeweza kusimama, alikuwa amekishika kile kisu, kitambaa kimemwangukia mapajani. Sadiki alimpiga teke la kifua akamnyang'anya. Imamu alikuwa amesimama ukutani, mikono wazi, anamwita kwa jina, "Sadiki, mutoto yangu, Sadiki." Kisu kikapanda. Mama Zaituni, na homa yake, alitoka kitandani akaingia katikati, akakidaka kwa mkono mtupu kwenye makali kama mtu anavyodaka kamba. Sadiki akakivuta. Vidole viwili vilianguka kwenye mkeka karibu na mguu wangu. Hakulia. Alimtazama tu Sadiki, damu inamtiririka mpaka kiwikoni, naye Sadiki akakiachia kisu, akaanza kurudi nyuma. Ningependa kusema yaliishia hapo. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu ambao hawakuona kitu, waliokuwa wakisukumana kuingia, na mmoja wao alirusha tofali juu ya vichwa. Lilimpata imamu kwenye paji la uso. Nilisikia mfupa. Alikaa siku tatu akikoroma bila kufungua macho, na siku ya nne tukamzika. Aliyerusha tofali hajajulikana mpaka leo, na wengi waliokuwamo mle wamekuwa baba za watu wanaoheshimika.

Baada ya pale msikiti ulipasuka. Nusu walivuka mto wakajenga wao, na mpaka sasa Naviundu tunaadhiniwa mara mbili, dakika chache zinapishana, kwa sababu hakuna upande unaokubali kufuata saa ya mwingine. Muzee Feruzi hakutoka tena nyumbani kwake. Sadiki alitoroka siku ileile, wakasema yuko Kolwezi, wakasema anaendesha malori mpakani. Askari walipokuja kumuuliza Mama Zaituni nani alimkata, akajibu alikamata kisu mwenyewe. Mimi nilimpigia magoti nikamwambia yote, pazia, bomba, ule ukimya niliouonea utamu. Alikuwa anajifunza kufunga kilemba kwa mkono mmoja. Akasema, "Najua. Nilikuwa nasikia toka mu kitanda." Kisha akaniambia nimshikie ncha ya kitambaa. Nilikaa naye mpaka nikaolewa, na hata baadaye, na hakunitupia neno lile hata siku moja tuliyogombana. Kipaza sauti sikukishika tena. Wenzangu walidhani ni unyenyekevu.

Siku ya tatu ya matanga, baada ya alasiri, wanawake walikuwa wanaosha masufuria uani nilipoona mzee anaingia, ameshikwa mkono na binti yake, anapapasa ardhi kwa fimbo. Sikumtambua Sadiki mpaka aliposema. Macho yake yalikuwa meupe. Kumbe ule ugonjwa wa macho wa baba yake ulikuwa wa damu yao. Akaketishwa kwenye mkeka, akauliza, "Hadija iko hapa?" Nikasema niko. Akauliza, "Ni weye ulimuosha?" Nikasema ndiyo. "Ile mukono," akasema, "ilipona muzuri?" Nikamwambia ilipona, alisongea bukari, alilelea watoto wangu. Alilia wazi mbele ya watu, naye ni mwanaume wa umri ule, na mimi nilikasirika, nikamhurumia, vyote kwa pamoja, maana nilijua nusu ya kile kilio ni yangu. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia, "Sadiki, nilijua habari ya baba yako mwezi mzima mbele ya ile siku. Nilinyamaza sababu nilikupenda." Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyegusa kitu alichokuwa akikitafuta mfukoni. Kisha akasema, "Ile hadisi, uniambie tangu mwanzo. Nilisikia paka vipande tu."

Jua lilikuwa limekwenda sana. Kwa sharti la Mama Zaituni sikupaswa kuanza. Nilitandika mkeka wangu mbele yake, wanawake wakaacha masufuria wakasogea, nikaanza na malalamiko, kila moja mara moja tu. Nilipofika pale walipouzingira mlango, mwadhini wa ng'ambo ya mto aliadhini, kisha wa kwetu akafuata. Sadiki alibaki ameinamisha kichwa, akingoja, nami nikaendelea.